Chumvi na maji: kwa anayeanza kulea mimea ya ndani Tanga

Wewe unayeanza kulea mimea ya majani ndani ya nyumba hapa Tanga, joto lisikutie hofu. Monstera, ile ya majani mapana yenye matundu, na jamaa yake filodendroni, asili yake ni misitu ya joto, na hewa yetu ya pwani inazifaa. Kinachoziua huku ni chumvi na maji ya kupita kiasi. Tuanze na chumvi, maana hiyo huingia bila kuonekana.

Mlango wake wa kwanza ni makumbi ya nazi. Kwenye chungu makumbi ni kitu kizuri sana: yanashika maji na bado yanaacha hewa ipite. Lakini yale yaliyofukiwa kwenye tope la pwani ili yasukwe kamba yamekunywa maji ya bahari kwa miezi. Yakate vipande vya ukubwa wa kidole gumba, uloweke usiku kucha kwenye ndoo ya maji yasiyo na chumvi, ukamue, umwage. Rudia mara tatu. Weka tone la maji ya mwisho ulimini, kisha uteme. Ukisikia chumvi, osha tena.

Mlango wa pili ni kisima. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi. Ukimwagilia, maji hukauka na chumvi hubaki. Mdomo wa chungu hufanya ukoko mweupe, halafu ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia, hasa za drasena, ile ya majani marefu kama upanga. Hapo ndipo wengi hukosea: wanadhani mmea una kiu, wanauongezea maji yale yale. Peleka chungu nje, umimine polepole maji ya mvua mara tatu ya ujazo wake. Chungu cha lita 5 kinataka lita 15, zote zitokee chini. Maji ya bomba mjini, yanayotoka mto Zigi, ni afadhali kuliko ya kisima. Ya mvua yanashinda yote. Wakati wa masika kinga pipa zima, ulifunike kwa kipande cha chandarua, mbu wasizalie humo.

Udongo wa shambani mtupu hugandamana chunguni. Changanya makopo mawili ya makumbi yaliyooshwa, moja la mboji iliyoiva, moja la mchanga wa mto na moja la chenga za mkaa zenye ukubwa wa punje ya mahindi. Mchanga wa ufukweni, hapana kabisa. Na usitandaze kokoto chini ya chungu ukidhani zinatoa maji: udongo ulio juu yake hubaki umelowa, karibu zaidi na mizizi. Kinachotoa maji ni matundu.

Ratiba ya kumwagilia hakuna. Chomeka kidole hadi pingili ya pili. Pakiwa pabichi, acha. Pakikauka, mwagilia mpaka maji yatoke chini, na baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Monstera inayotaka maji kila siku ya nne wakati wa kaskazi inaweza kukaa siku kumi wakati wa masika. Iweke mita moja au mbili kutoka dirisha la mashariki. Jua la alasiri linaunguza majani.

Zamiokulkasi, ile yenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, ishike kivyake. Ni mmea wa kwetu, asili yake Afrika Mashariki, ingawa wanunuzi wengi huudhani wa kigeni. Chini ina viazi vinavyohifadhi maji, kwa hiyo udongo ukauke hadi chini kabla ya kumwagilia tena. Bua likilala na shina likabonyea, tayari viazi vinaoza.

Mmea wowote ukigeuza majani ya chini kuwa manjano huku udongo ukiwa umelowa, usingoje. Utoe chunguni, ukung'ute mizizi. Iliyo hai ni migumu na myeupe au ya rangi ya maziwa. Iliyooza ni ya kahawia, inanuka, na ukiivuta ganda lake linavuka na kuacha uzi mwembamba. Kata yote iliyooza kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, panda kwenye mchanganyiko mpya na chungu kidogo kuliko cha awali, kisha usimwagilie siku mbili au tatu, mpaka vidonda vikauke.