Shangazi, nimepata chuo ila mkopo unataka niache watoto

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 34, naishi Mwanga hapa Kigoma. Nauza dagaa Kibirizi. Alfajiri nikienda mwaloni, mtoto mdogo namwachia mama yangu. Mwaka jana nilimaliza stashahada ya maendeleo ya jamii, na sasa chuo kimoja hapa mjini kimenipa nafasi ya shahada kwa masomo ya jioni. Nimeambiwa Bodi ya Mikopo haiwapi wa jioni. Kuna kaka anasema nimpe laki moja na nusu, ana mtu wake ndani, na kwenye fomu nijaze kuwa mimi ni yatima. La sivyo niombe chuo Dodoma, nisome muda wote, nipate bumu, ile fedha ya kujikimu, niwe natuma nyumbani. Mume wangu hana kazi tangu mwaka jana, nikimgusia haya ananyamaza. Nifanyeje? – Mama wa Watatu

Marahaba, mwanangu. Hongera kwanza kwa hiyo stashahada. Kuipata huku unauza dagaa na kulea si kazi ndogo.

Nianze na huyo kaka, maana yeye ndiye wa haraka. Ada ya kuomba mkopo ni shilingi 30,000. Fomu unaijaza mwenyewe mtandaoni na malipo yanakwenda kwa namba ya malipo ya serikali, hayapiti kwenye simu ya mtu. Ukijaza kuwa ni yatima, utatakiwa kuweka cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Sasa jiulize cheti hicho kitatoka wapi. Mama yako yu hai, na alfajiri ya leo alikuwa na mjukuu mgongoni ili wewe uwahi Kibirizi. Usimzike kwenye karatasi. Na cheti cha kughushi kikigundulika, jina lililoko kwenye fomu ni lako, la huyo kaka halimo.

Kuhusu masomo ya jioni, ulichoambiwa ni kweli. Mwongozo wa Bodi unataka mwombaji awe amedahiliwa kusoma muda wote, asiwe amezidi miaka 35, na asiwe na ajira au mkataba rasmi unaomwingizia kipato. Biashara yako ya dagaa si ajira rasmi, kwa hiyo haikuzuii. Kinachokuzuia ni saa za darasa. Mimi naona hili si haki. Bodi iliundwa kwa sheria ya 2004, na masharti yake hadi leo yanamtazama zaidi kijana aliyetoka shule na begi lake, asiye na mtu anayemtegemea. Mama anayelisha nyumba mchana na kusoma jioni hana mahali pake pale, wakati yeye ndiye mwenye mzigo mkubwa kuliko wote. Wabunge wetu wa Kigoma walisemee hili, na nyinyi mnaosoma jioni mwende kuwaambia wakija jimboni.

Lakini Dodoma usiende, na nitakueleza kwa nini.

Hilo bumu unalolitegemea, tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku kwa anayepata kiwango kamili. Humo mna chumba, maji na mlo wako wewe. Huingia kwa awamu, nawe utaombwa hela ya mboga nyumbani kila siku. Hapo hujahesabu nauli ya kuja kuwaona watoto. Tena kuomba si kupata: Bodi inapima uhitaji, wapo wanaokosa kabisa na wapo wanaopewa sehemu tu ya walichohitaji. Na ni deni. Ukiajiriwa, mshahara wako wa msingi utakatwa asilimia 15 kila mwezi mpaka liishe. Ni kweli tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo na ile adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa kulipa zilifutwa mwaka 2021, na tunashukuru, ila deni lenyewe liko palepale.

Halafu kuna Kibirizi. Wewe ndiye unayejua mtumbwi upi unaleta dagaa wasio na mchanga, nani anakukopesha debe mpaka jioni, mteja gani wa Tabora anataka waliokauka hasa. Ukiondoka miaka mitatu, mteja huyo atakuwa wa mwenzako, na nyumba nzima inakula hapo.

Najua kinachokusukuma ni umri. Unaona mlango wa 35 unajifunga. Mwanangu, miaka 35 ni ya mkopo, si ya kusoma. Jioni unaweza kusoma hata ukiwa na 40.

Kwa hiyo shika hiyo nafasi ya hapa mjini. Kabla hujajisajili, nenda kwa mhasibu wa chuo na barua mkononi, uombe kulipa ada kidogo kidogo. Mweleze kipato chako kikoje, maana chuo hakijui kwamba mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanalala, wala kwamba ziwa likifungwa uvuvi kama mwaka 2024, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, wewe huna cha kuanika. Omba awamu ziangukie miezi ya mavuno. Na katika kila gunia unalouza wakati wa giza, wavuvi wakiwa kazini, kisado kimoja kiwe cha ada. Hela yake iende benki siku hiyohiyo, isilale ndani.

Wakikataa, Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa Kigoma. Pale unaweza kuchukua masomo machache kwa mwaka na kulipia hayo. Waulize palepale utaratibu wa mikopo kwa wanafunzi wao ukoje.

Upo pia mkopo wa halmashauri usio na riba, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata, umesomea kazi yake hivyo mtaelewana. Ila fedha ile ni mtaji wa kikundi, usiilipie ada hata shilingi. Inunulie dagaa, faida yako ndiyo ikasome.

Sasa mumeo. Mwanamume aliyekosa kazi anasikia mkewe anataja shahada na Dodoma, unataka aseme nini? Huenda anaona anaachwa. Usimuulize tena kama anakubali. Muulize nani atapika jioni ukiwa darasani, nani atasimamia daftari za watoto, nani atapokea mzigo Kibirizi asubuhi ya mtihani. Mpeleke mwaloni, mtambulishe kwa wenye mitumbwi, mpe kazi yenye jina. Zungumza naye wiki hii, watoto wakishalala, kabla ya kwenda kwa mhasibu.

Na huyo kaka mwenye mtu wake ndani akipiga tena, usibishane naye. Namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, kupiga ni bure.