Safari ya siku moja kutoka Houston kwenda kuonja chakula cha Wakajun, nikiwa na watoto na mama mkwe

Mleta mada ameeleza kwamba anaishi Houston, ana watoto wawili, na mama yake mzazi amekuja kumtembelea kutoka Mombasa. Angependa kuitumia Jumamosi moja kuipeleka familia Louisiana kwa gari, waonje chakula cha Wakajun, watu wa huko wenye asili ya Kifaransa, na warudi usiku huohuo. Ameuliza kama jambo hilo linawezekana, waanzie wapi, na mama asiyekula nguruwe atakula nini huko. Linawezekana. Nimeifanya safari hiyo mara tatu: ya kwanza ilikuwa hasara tupu, ya pili ilikuwa nafuu, na ya tatu, ambayo ndiyo nitakayoifuata katika jibu hili, ilikuwa mwezi wa Aprili nikiwa na mke wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe, Mwislamu wa Tanga ambaye hajawahi kuonja kitimoto na hakuwa na nia ya kuanzia Marekani.

Hasara ya safari ya kwanza niliitafuta mwenyewe. Tuliondoka nyumbani saa 3 asubuhi, tukafika Lafayette mchana jua likiwa utosini, tukaingia katika mkahawa mkubwa kando ya barabara kuu, wenye mamba wa plastiki mlangoni, na kuagiza sinia la vionjo. Kila kilicholetwa kilikuwa kimeviringishwa kwenye unga na kukaangwa katika mafuta mengi, kiasi kwamba mwanangu mdogo aliuliza kama vyote vile ni kuku. Tulilipa, tukarudi. Baadaye ndipo mfanyakazi mwenzangu, mzaliwa wa huko, aliponieleza kwamba chakula ambacho wenyewe wanakionea fahari hukipati mezani kwanza. Unakipata kwenye bucha na vituo vya mafuta, asubuhi, nacho huliwa ndani ya gari au kwenye boneti. Ukilishika hilo moja, mpango mzima wa siku unabadilika.

Ni vyema mama aelezwe mapema anakwenda kwa watu gani, maana kule hakuna anayekula bila kutaja mababu. Wakajun ni wazao wa Wafaransa waliokuwa wamelowea Acadia, katika eneo ambalo leo ni Nova Scotia nchini Kanada, na ambao Waingereza walianza kuwafukuza mwaka 1755. Baada ya miaka ya kutangatanga, wengi wao waliishia kwenye vinamasi na mbuga za kusini mwa Louisiana. Jina lenyewe ni "Acadien" lililofupishwa na ndimi za watu. Katiba ya jimbo ya mwaka 1921 iliamuru shule zifundishe kwa Kiingereza, na wazee wa leo wanakumbuka kuchapwa kwa kusema Kifaransa uwanjani. Mama mkwe aliposikia hayo alisema hata yeye aliwahi kuvishwa kibao shingoni kwa kusema Kibondei darasani, na tangu hapo Wakajun wakawa ndugu zake.

Ondokeni saa 11 alfajiri, wala si saa 12. Kutoka Houston hadi mji mdogo wa Scott, jirani na Lafayette, ni kama kilomita 340 kwa barabara kuu ya I-10, na ukipita Beaumont kabla malori hayajaamka utafika saa 2 na nusu hivi. Watoto watalala hadi mpakani mwa Texas na Louisiana, kwenye mto Sabine. Waamsheni mkikaribia Lake Charles ili waone daraja la mto Calcasieu, lile la mwaka 1952, ambalo kingo zake zimepambwa kwa bastola za chuma zilizopishana. Wangu walizihesabu mpaka wakachanganyikiwa. Msisimame pale, kwani mji ule una kasino nyingi na hamkuondoka alfajiri kwa ajili hiyo.

Scott mnatokea kwa njia ya kutokea (exit) namba 97. Bunge la jimbo liliutangaza mji huu kuwa makao makuu ya boudin duniani, na ukitoka barabarani utaona maduka ya bidhaa hiyo yakitazamana. Mimi huenda The Best Stop, lakini sitagombana na mtu anayependa lile la jirani. Boudin ni utumbo uliojazwa wali, nyama ya nguruwe, maini, majani ya vitunguu na pilipili, kisha ukachemshwa. Anayeufananisha na soseji atakosea namna ya kuula. Unafunguliwa ile karatasi nyeupe ya bucha ungali wa moto, unashika ncha moja, unaing'ata ile nyingine, kisha unaukamua wali uingie kinywani na ngozi unabaki nayo mkononi. Wali ni laini, ladha ya ini iko mbali kidogo, na pilipili inafika mwishoni ukiwa umeshameza. Kando yake huuzwa vipande vya ngozi na mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa kwenye sufuria kubwa za chuma, ambavyo hutiwa katika mfuko wa kaki. Baada ya dakika mbili mfuko unakuwa unaonyesha ndani kama kioo. Nunueni mfuko mdogo kabisa. Nilinunua wa kati, na hadi saa 5 tumbo lilikuwa likinikumbusha.

Sasa, kula kitimoto mbele ya mkwe ni jambo ambalo mtu wa Moshi kama mimi hawezi kulifanya kwa uso mkavu. Niliegesha pembeni, nikashuka na karatasi yangu, nikaenda kusimama nyuma ya pipa la barafu la duka kama mwanafunzi anayevuta sigara. Alishusha kioo akaniita: "Baba Neema, kula mwanangu. Nimekuja kutembea, sikuja kukuchunga." Nilikula, lakini palepale nyuma ya pipa. Kwa mama yako, ulizeni boudin ya krofishi, yaani wale kamba wadogo wa maji baridi, au ya kamba wa kawaida, ambayo baadhi ya maduka huitengeneza, ila msiishie kwenye jina lililoandikwa ubaoni. Muulizeni muuzaji mambo mawili: utumbo wenyewe ni wa mnyama gani, maana kwa kawaida ni wa nguruwe hata kama kilichomo ndani ni samaki, na kama mnaweza kuuziwa ule mchanganyiko uliofinyangwa na kukaangwa bila utumbo, na katika mafuta yapi. Tulipouliza tuliambiwa mafuta ni yaleyale, basi mama mkwe akafungua kikapu chake akatoa vitumbua alivyovipika usiku. Msiondoke nyumbani bila kikapu cha namna hiyo.

Kabla ya kuingia Lafayette, au hata mapema zaidi mkiwa kati ya Jennings na Crowley, angalieni mashamba yaliyo pande zote za barabara. Mtaona majaruba yaliyojaa maji, na juu ya maji vimejipanga vichwa vyekundu au vyeusi vya mitego ya waya, mamia kwa mamia. Hayo ni mashamba ya mpunga. Mpunga ukishavunwa, majira ya vuli shamba hujazwa maji tena, krofishi hutoka mashimoni walimojichimbia na kula mabua yanayooza, na kuanzia katikati ya kipupwe mkulima anapita na mashua bapa akiinua mitego. Shamba moja, mavuno mawili. Mimi nimekua nikiyaona majaruba ya Mabogini, chini ya Moshi, na sikuwahi kufikiri kwamba maji yale yangeweza kulipa mara mbili. Wasomaji wa Kenya watakumbuka kwamba krofishi huyuhuyu wa Louisiana aliingizwa ziwa Naivasha mwaka 1970, na amekuwa akivuliwa pale kwa biashara.

Kutokana na hayo, tarehe ina uzito kuliko hoteli. Msimu wa krofishi unaanza kama Januari na kuisha Juni, na wanene hupatikana Machi hadi Mei. Mkienda Septemba mtakula wa kugandishwa. Ukame nao huharibu hesabu: ule wa mwaka 2023 uliwakausha krofishi mashimoni, na mwanzoni mwa 2024 bei ikapaa hata wenyeji wakaacha kununua. Jambo jingine ambalo familia ya Kiislamu haitambui mpaka iambiwe ni kwamba Wakajun ni Wakatoliki, na Ijumaa za Kwaresima hawali nyama. Siku hizo karibu kila jikoni hupika samaki, kamba na krofishi. Kama unaweza kuomba ruhusa kazini, Ijumaa ya Kwaresima itamfaa mama kuliko Jumamosi yoyote. Zaidi ya hayo, vijumba vya chakula cha mchana vinavyouza wali na mchuzi mzito wa nyama, ambavyo kwangu ndivyo jikoni halisi la Wakajun, vingi hufungua siku za kazi tu.

Kati ya saa 4 na saa 6 msile chochote. Nendeni Lafayette, kwenye kijiji cha makumbusho kiitwacho Vermilionville, ambacho kina nyumba za mbao za zamani, mafundi wanaosokota pamba na kivuko kidogo cha kuvutwa kwa kamba, ambacho watoto wangu walikipanda mara nne. Jirani yake kuna kituo cha utamaduni wa Kiakadia cha hifadhi za taifa, ambacho hakina kiingilio.

Chakula cha mchana tulikula Breaux Bridge, mwendo wa dakika kumi na tano kuelekea mashariki, mji ambao tangu mwaka 1959 unajiita makao makuu ya krofishi duniani. Hapo agizeni étouffée, ambayo ni mikia ya krofishi iliyopikwa polepole katika siagi pamoja na kitunguu, pilipili hoho na figili (celery), ikaachwa itokwe na maji yake chini ya mfuniko, kisha ikamwagwa juu ya wali. Ni chakula kinachoeleweka kwa mtu wa pwani bila maelezo, kwa kuwa ni wali na mchuzi wa kamba. Mama mkwe alionja kijiko kimoja, akanyamaza, akaonja cha pili, akauliza nazi yao wanaiweka wapi. Alipoambiwa hawaweki nazi, alisikitika kwa niaba yao, lakini sahani aliimaliza.

Gumbo ndiyo inayohitaji maswali. Msingi wake ni unga wa ngano uliokaangwa katika mafuta, unaoitwa roux na kutamkwa "ruu", ambao mpishi huukoroga bila kuondoka jikoni hadi uwe na rangi ya kahawia ya kahawa au zaidi. Ukiungua kidogo tu unamwagwa na kazi inaanza upya. Juu yake hutiwa supu, na inayopatikana zaidi ni ya kuku na soseji ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Iko pia ya kamba na kaa. Kuna wanaoitia bamia, na kuna wanaoinyunyizia unga wa majani ya msasafrasi walioujua kwa Wachoctaw, wenyeji wa asili wa maeneo hayo. Wataalamu wengi wa lugha wanalitoa jina gumbo katika neno la bamia la lugha za Kibantu za upande wa Angola, lililovuka bahari na watu waliouzwa utumwani. Kwa hiyo mama akiletewa bakuli lenye bamia asiambiwe kwamba ni chakula kigeni. Mambo ya kuuliza ni haya: je, supu imetokana na mifupa gani, na je, soseji imeingia na kutolewa? Wahudumu waliniambia ukweli mara zote, na mara moja mpishi mwenyewe alitoka jikoni kumwambia mama mkwe asiile. Maharage, mboga za majani na ule wali wenye rangi ya udongo, vyote vichukulieni kuwa na nguruwe mpaka muambiwe vinginevyo.

Krofishi wa kuchemsha waachieni jioni, kwa sababu sehemu nyingi zinazowachemsha haziwashi moto mpaka saa 10 au 11. Sisi tulipoteza muda kwenye ziwa Martin, nje kidogo ya Breaux Bridge, ambako watoto waliona mamba wa kweli akiota jua kwenye gogo, kisha tukaenda kupanga foleni mapema. Ulizeni kama sufuria hiyohiyo haichemshiwi soseji, maana wapo wanaotia. Krofishi huuzwa kwa ratili, na ratili tatu kwa mtu mzima si uroho, kwani sehemu kubwa ni gamba. Wanakuja kwenye sinia wakiwa wekundu, na mahindi na viazi vilivyonywa pilipili ileile. Unashika kichwa kwa mkono mmoja na mkia kwa mwingine, unanyonga, unavuta, unabandua pete ya kwanza ya gamba, unabana ncha ya mkia na nyama inateleza nje. Mafuta ya manjano yaliyo kichwani hufyonzwa. Mmezoea wale wa Houston wanaorushwa katika siagi na kitunguu saumu, mtindo ulioletwa na Wavietnamu. Msiutafute kule, kwani ukali wote umo ndani ya maji ya kuchemshia. Mtoto asijifikiche macho kabla ya kunawa. Wangu alijifikicha.

Tuliondoka saa 12 na nusu jioni na kufika nyumbani kabla ya saa 4 na nusu usiku. Bebeni boksi la barafu, mtie boudin yenu mfuko wake na vitu vya mama mfuko mwingine, tena vilivyofungwa hasa. Nunueni pia mikia ya krofishi iliyomenywa na kugandishwa, lakini geuzeni pakiti msome imetoka wapi, kwa kuwa mingi madukani ni ya China. Mama mkwe alichukua pakiti mbili za Louisiana, na Jumatatu yake aliipika kwa tui zito, bizari na ndimu, akatutengea na wali. Niliporudi kazini na kumpelekea yule mwenzangu bakuli moja, alirudisha bakuli siku iliyofuata likiwa limeoshwa, akauliza kama mama bado yupo nchini.