Bei Nafuu, Mfuko Mtupu: Maswali na Majibu

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kondele, Kisumu. Sinunui nguo mpya dukani. Kila Jumapili nashuka soko la Kibuye kuchagua mitumba, na bei huwa napatana hadi muuzaji anasalimu amri. Mboga nazo nanunua jioni, bei ikishashuka. Hata hivyo, kufikia tarehe 20 sina kitu. Nakosea wapi?

Jibu: Mama, katika kupatana bei hukosei hata kidogo, na ujuzi huo usiuache. Mimi naona tatizo liko katika maneno mawili uliyoyaandika bila kuyatilia maanani: kila Jumapili. Mnunuzi hodari hulinganisha bei aliyolipa na ile ambayo angelipa kwingine, ndiyo maana blauzi ya shilingi 80 humpa furaha ya mtu aliyeokoa shilingi 200, ilhali kilichotendeka mkobani ni kimoja tu: shilingi 80 zimetoka. Ukiongeza sufuria iliyopatikana kwa bei ya kutupa na viatu ambavyo mtoto atavifikia mwakani, Jumapili moja inakula shilingi 600, na mwezi una Jumapili nne au tano. Bei unaishinda kila mara. Idadi ndiyo inayokushinda.

Kabla ya kurudi Kibuye, mwaga sanduku lote la nguo kitandani. Nilipofanya hivyo nyumbani kwangu nilikuta sweta nne za rangi moja ya samawati, moja ikiwa bado na harufu ya robota, na kila moja niliinunua nikiamini kwamba nimepata bahati. Tangu siku hiyo naenda sokoni mara moja kwa mwezi, nikiwa na orodha niliyoiandika Jumamosi usiku na pesa taslimu zinazotosha orodha hiyo pekee. Mboga za jioni endelea nazo, mradi ununue za chungu cha siku hiyo, kwa maana fungu la tatu la nyanya linalooza kikapuni halikuwa rahisi hata kama uliuziwa kwa shilingi kumi.

Swali: Niko Nakuru. Nilishauriwa niache kununua kadogo kadogo, nikanunua mafuta ya kupikia lita 5 na sukari kilo 10. Vyote viliisha kabla ya mwezi kwisha. Je, nirudi kwa vipimo vidogo?

Jibu: Ndugu yangu, kipimo kidogo cha dukani kwa kawaida kina bei ya juu ukihesabu kwa kilo au kwa lita, lakini kina faida ambayo washauri wengi huisahau: humzuia mpishi. Anayekaanga kwa mafuta ya shilingi 20 hupima kwa kijiko, na anayeinua mtungi wa lita 5 humimina tu. Endelea kununua kwa jumla, ila usipikie kutoka kwenye mtungi. Kila Jumapili jioni jaza chupa moja ya kukutosha wiki, sukari uitie kwenye mkebe, kisha vyombo vikubwa viwekwe mbali na jiko; chupa ikikauka Ijumaa, nyumba nzima itajua kilichotokea. Mahindi ya gorogoro hayana shida hiyo, kwa kuwa mkebe wenyewe ndio kipimo, bora yawe yamekauka vizuri. Na kama unalipwa kibarua cha siku kwa siku, usione aibu kununua kadogo. Huwezi kununua kwa pesa ambazo hujapata.

Swali: Nina bodaboda hapa Kakamega. Pesa za kwenye simu hazinikai: natoa mia tano mia tano ili nisitumie nyingi, na zikipungua nachukua Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, na unahesabika. Kwa wakala wa M-Pesa, kutoa shilingi 500 hukatwa shilingi 29, na kutoa 2,500 hukatwa 29 zile zile. Ukitoa mara tano umelipa 145 kwa kazi ya 29. Toa mara moja Jumatatu, uzigawe katika bahasha za kila siku, mojawapo ikiwa ya mafuta ya pikipiki ambayo haiguswi kwa jambo lingine. Fuliza nayo hukata asilimia 1 unapoichukua, ada ya kila siku hufuata ukichelewa kulipa, na pesa ya mteja ikiingia kwenye simu humezwa kabla hujaiona, kisha unakopa tena jioni. Piga *334#, omba taarifa ya mwezi mmoja, ujumlishe ada peke yake kwa kalamu.

Swali: Ninafanya kazi ofisini Bungoma. Je, niache chai na mandazi ya saa nne ili niokoe pesa?

Jibu: Usiache. Shilingi 40 kwa siku 22 za kazi ni 880, kiasi unachoweza kukitenga siku ya mshahara na kukifurahia bila kujilaumu. Kama 880 zinakulemea, beba chai ya nyumbani kwenye chupa Jumatatu na Jumanne, kisha siku tatu zilizobaki ukae na wenzako hotelini kama kawaida.