Kiti cha Magurudumu kwa Mtu Mwenye Mwili Mkubwa: Maswali Yenu

Mama ana mwili mkubwa na miguu haimbebi tena. Jirani anatuuzia kiti cha kawaida cha magurudumu kwa bei nafuu. Tukichukue? — Kondele, Kisumu

Jueni kwanza kilo za mama. Viti vingi vya kawaida vimeundwa kubeba mtu wa kilo 100 hadi 115 hivi, na kiwango hicho huandikwa kwenye kibandiko cha fremu. Kibandiko kikiwa kimebanduka na muuzaji hajui, achaneni nacho. Viti vya watu wazito huanzia kilo 150 hivi, na vingine hubeba zaidi ya 300.

Tatizo ni kwamba mizani nyingi za nyumbani hukomea kilo 120 au 150. Tafuteni duka la nafaka lenye mizani ya magunia, mama akalie kiti imara cha mbao juu yake, kisha mpime kiti peke yake na mtoe kilo zake kwenye jumla. Mwombeni mwenye duka awape saa isiyo na wateja. Mama wa watu hapimwi kama mahindi mbele ya umati.

Fundi wa jua kali anasema atakata kiti cha kawaida akipanue. Ni sawa? — Kaptembwo, Nakuru

Hapana. Atapanua kikalio tu. Ekseli, spoki na magurudumu madogo ya mbele yatabaki yaleyale, na hayo ndiyo huvunjika. Mpe kazi ya kutengeneza njia ya mteremko mlangoni, huko atakufaa sana.

Upana wa kiti tunaupimaje? Nyumba yetu ni ya kupanga na milango ni membamba. — Section 58, Nakuru

Mgonjwa akae kwenye kitu kigumu, si kochi wala kitanda. Simamisheni vibao viwili, kimoja kila upande, viguse mwili bila kuubana, halafu pimeni kati ya vibao. Msiende moja kwa moja kwenye nyonga. Kwa wengine mapaja ndiyo mapana zaidi. Ongezeni inchi 1, isizidi 2 kwa jumla. Kuna wanaofikiri kikizidi upana ndipo mtu atastarehe, lakini ataegemea upande mmoja, mgongo upinde, na mikono ifikie magurudumu kwa taabu.

Pimeni pia kutoka mgongoni hadi nyuma ya goti, mtoe sentimita 5 hivi, ili ukingo wa kikalio usikate mapaja. Mtu mwenye makalio yaliyojaa kwa nyuma huhitaji egemeo linalorudi nyuma kidogo, la sivyo atasukumwa mbele na kuanza kuteleza.

Sasa mlango. Kiti kizima huzidi kikalio kwa sentimita 20 hivi: kikalio cha inchi 24, yaani sentimita 61, hufika karibu 80 kwa nje. Fungueni kila mlango hadi mwisho, mpime nafasi inayobaki, mkianza na wa choo, ambao kwa kawaida ndio mwembamba kuliko yote. Zikikosekana sentimita chache, ng'oeni ubao wa mlango mtundike pazia zito, baada ya kuelewana na mwenye nyumba. Zikikosekana nyingi, kiti imara cha kujisaidia chumbani kitawaokoa na kuvunja ukuta.

Boma letu liko mteremkoni, na mvua ikinyesha ni matope matupu. — Mbale, Vihiga

Mgonjwa mshusheni kinyumenyume, watu wawili wazima, mmoja nyuma na mmoja mbele akishikilia fremu. Breki za kiti ni za kukifunga kikiwa kimesimama; hazipunguzi mwendo. Msikiinue kwa kushika mahali pa kuegemeza mikono au vikanyagio, kwa maana huchomoka. Asikanyage vikanyagio akisimama, kiti kitampindukia. Mkijenga njia ya mteremko mlangoni, kila sentimita 1 ya kimo ipewe 12 za urefu: ngazi ya sentimita 15 inataka njia ya sentimita 180. Kwa matope, chagueni tairi pana za upepo. Na siku nyingine, bora abaki barazani.

Baba mkwe anakaa kutwa nzima, na ameanza kulalamika makalio. Tumemwekea tyubu ya tairi. — Kisii

Iondoeni leo. Tyubu hubana damu kandokando ya tundu na huharakisha kidonda. Mpeni mto wa sponji nene. Ukiukandamiza kwa kiganja na ukagusa ubao wa chini, haufai. Kila nusu saa aegemee mbele au upande kwa dakika 2 hivi. Ngozi ikaguliwe kila jioni, pamoja na mikunjo ya tumbo na mapaja ambako jasho hutuama. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu: tafuta palipozidi weusi, palipo na joto au pagumu. Palipochubuka, asipakalie, apelekwe hospitali. Akiwa na kisukari, msingoje hata kesho.

Wewe mkaza mwana ukiona haya kumkagua, mwite mwanawe. Haya yenyewe si sababu ya kuacha.

Msaada wa kiti tunaombaje? — Lurambi, Kakamega

Mhusika afanyiwe tathmini ya ulemavu hospitalini, asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, kisha aombe kifaa kupitia ofisi yao ya kaunti. Andikeni kilo zake na vipimo vyake waziwazi kwenye ombi. Ombi lisemalo tu "kiti cha magurudumu" huenda likaleta cha kawaida, na mkiletewa hicho msikubali kutia sahihi kabla hajakikalia.