Maswali yenu: Kwenda CERN hakuna dalali

Wiki hii meseji karibu zote zimekuja na jambo moja, programu za kiangazi za CERN, ile maabara kubwa ya fizikia iliyopo Meyrin, nje kidogo ya Geneva, mpakani kabisa mwa Uswisi na Ufaransa. Kiangazi chenyewe ni cha kwao jamani, Juni mpaka Septemba, wakati huku pwani tuko kwenye kipupwe. Nimechagua tatu, nyingine zinafanana.

"Habari za kazi. Nasoma sayansi ya kompyuta mwaka wa tatu. Kuna jamaa kwenye grupu la WhatsApp anaunganisha watu na CERN ila anataka laki tatu na nusu ya fomu kabla ya Ijumaa, anasema nafasi zimebaki mbili. Rafiki yangu ameshatuma. Halafu mimi sio mtu wa fizikia, watanichukua kweli?" – Mdadisi, Dodoma

Mdogo wangu, hela hiyo usitume, na rafiki yako mwambie apige simu kwa mtandao wake sasa hivi, asisubiri kesho. Fomu ya CERN ni bure na unaijaza mwenyewe kwenye tovuti yao. Na hiyo ya "nafasi zimebaki mbili" ndio inamuumbua kabisa, kwa sababu kule hawachukui anayewahi, wanafunga dirisha kwanza, kawaida mwishoni mwa Januari, ndio wanaanza kuchambua majina. Tena wao ndio wanaokulipa wewe: posho ya kila siku kwa faranga za Uswisi, bima ya afya na mchango wa nauli. Sasa mtu anayekulipa ule na ulale atakudai laki tatu ya fomu kweli?

La pili, fizikia sio lazima. Wanachukua watu wa kompyuta, uhandisi na hesabu pia, na ukifikiria vizuri ni lazima iwe hivyo, maana ile mashine yao ya kugonganisha chembe ndogo, LHC, ina mzingo wa kilomita 27 chini ya ardhi na inazalisha data nyingi mpaka nyingi inabidi itupwe palepale, sasa nani anaandika programu za kuamua kipi kibaki kipi kitupwe? Ni watu kama wewe. Hata hii wavuti tunayoperuzi kila siku Tim Berners-Lee aliianzishia pale mwaka 1989. Sharti kubwa ni uwe umemaliza walau miaka mitatu ya chuo kikuu kufikia kiangazi hicho, na kama unahitimu kiangazi hichohicho bado unaruhusiwa. Walioanza PhD ndio hawamo. Uraia wowote unaomba.

Ila ngoja nikwambie panapowaangusha wengi, nikiwemo mimi. Ni barua ya mwalimu wako. Mwaka wa tatu nilimfuata mhadhiri wangu zimebaki siku mbili, nikamkuta kasafiri kwenda msibani, mtandao hakuna, barua ikaja wiki nzima dirisha limeshafungwa. Nilinuna mpaka Pasaka lakini kosa lilikuwa langu. Mwaka uliofuata nilimfuata Novemba nikiwa na karatasi moja yenye matokeo yangu, projekti niliyofanya na kwa nini naomba, akaandika barua ya maana badala ya ile ya "namfahamu kijana huyu ana nidhamu", nami nikachukuliwa.

Na usiende na ndoto za kwenye filamu. Mashine ikiwa inawaka hakuna binadamu anayeshuka kwenye handaki, liko kama mita 100 chini na kuna mionzi. Asubuhi mnakaa kwenye ukumbi mnasikiliza mihadhara, mingine hata wa fizikia wenyewe wanasinzia, mchana unarudi kwa msimamizi wako unahangaika na programu ya kompyuta inayokataa. Mimi wiki mbili za kwanza nilikuwa natafuta kosa moja tu, ikaja kuonekana nilichanganya milimita na sentimita. Nilijifunza zaidi kwenye kantini, maana pale unakuta mzee wa watu kavaa kandambili anakula viazi, unamuuliza anafanya nini, anachukua leso ya karatasi anaanza kukuchorea kigunduzi chake, yaani kifaa cha kunasa alama za chembe. Siku kukiwa hakuna mawingu mnauona mlima Mont Blanc hapo nje.

"Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari, maabara yetu ina betri na vioo tu. Nimesikia na walimu wanaenda. Je na sisi wa huku?" – Mwalimu wa kata, Tanga

Marahaba mwalimu, ingawa pengine mimi ndio ningetakiwa kukuamkia. Ndio, programu ya kimataifa ya walimu wa sekondari ipo tangu 1998, inafanyika kiangazi kwa Kiingereza, na walimu wa nje ya Ulaya wanaomba pia. Tangazo la kila mwaka lisome mpaka mwisho kujua nauli analipa nani. Pia ifuatilie African School of Physics, ilianza 2010 Afrika Kusini na inahamahama nchi, 2016 ilikuwa Kigali hapo jirani, na walimu wanakuwa na kipindi chao.

Lakini kitu ambacho walimu wengi wanatoka nacho kule ni chemba ya wingu, boksi linaloonyesha njia za chembe ndogo zisizoonekana, na hiyo huna haja ya pasipoti. Chukua boksi la plastiki linaloona, gundisha kitambaa kizito ndani kwenye kitako, kiloweshe kwa aisopropili, ile spiriti mafundi simu wanasafishia bodi. Ligeuze juu ya bati jeusi, ziba pembeni vizuri, bati likae juu ya barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyoganda. Zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni, subiri dakika kumi hivi. Utaona vinyuzi vyeupe vinajichora chini vyenyewe na kupotea: virefu vyembamba vilivyonyooka mara nyingi ni miuoni, chembe ndogo zinazoshuka kutoka angani, vifupi vinene ni chembe za alfa. Watoto wanapiga kelele, nakuhakikishia.

Kazi ni kuipata barafu kavu, ulizia kampuni zinazouza gesi ya kaboni dioksidi. Ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri kwa hiyo glovu nene ni lazima, madirisha wazi, na usiifungie kwenye chupa hata kwa utani, italipuka. Na spiriti inashika moto, mtu asiwashe kibiriti humo.

"Mwanangu yuko kidato cha tano, anasema chuo ni mbali anataka sasa hivi. Ananisumbua." – Mama Abdul, Mombasa Road

Mama Abdul, mwache asumbue. Kuna shindano linaitwa Beamline for Schools, lipo tangu 2014, la wanafunzi wa sekondari kuanzia miaka 16. Haombi peke yake, anatafuta wenzake na mtu mzima mmoja wa kuwasimamia, wanabuni jaribio lao la kutumia mwali wa chembe, wanaandika pendekezo fupi na video fupi ya simu. Wakishinda wanaalikwa kwenye maabara kulifanya wenyewe, gharama si zako. Kushiriki ni bure vilevile.

Muulize kwanza wenzake ni akina nani. Akikosa jibu mtume kwa Mwalimu wa kata hapo juu, akianza na lile boksi la plastiki jikoni kwako angalau utajua spiriti imeisha kwa sababu gani.