Jibu: Doa jichoni baada ya dengi

Pole sana, dada. Homa ya dengi imepoa, kumbe sasa jicho la kushoto lakuonyesha doa katikati ya maandishi. Dengi huweza kuvujisha mishipa midogo ya damu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), mara nyingi wiki moja hivi tangu homa ianze, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikiwa chini kabisa.

Fumba jicho moja, tazama daftari la hesabu lenye miraba. Mistari ikipinda au ikikatika, usingoje kesho. Hata isipopinda, doa hilo lenyewe latosha kukupeleka kitengo cha macho. Kama uko Kampala, nenda hospitali ya Mulago. Aspirini na ibuprofeni achana nazo. Matone ya dukani hayafiki retina, ni kupoteza shilingi tu. Wengi hupona baada ya wiki au miezi. Steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, aamue daktari.