Ngozi kuchonyota pembeni mwa mfuko wa stoma

Dada, poleni sana, na umfikishie mama shikamoo yangu huko Masasi. Umeeleza kwamba ngozi yake imekuwa nyekundu na inachonyota upande wa chini wa stoma, yaani ule mdomo wa utumbo mwembamba uliotolewa tumboni kwa upasuaji ili choo kitokee mfukoni, na kwamba mnampaka mafuta ya nazi kabla ya kubandika mfuko mpya. Mafuta hayo acheni kwanza, kwa sababu gundi haishiki kwenye ngozi yenye mafuta, na choo kinachotoka kwenye utumbo mwembamba, ambacho ni chepesi na kina vimeng'enya vya kusaga chakula, hupenya humo na kuichoma ngozi.

Ninavyoona, chanzo kikubwa ni tundu mnalokata kwenye kibandiko cha mfuko. Stoma husinyaa katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo baada ya upasuaji, kwa hiyo kipimo mlichopewa hospitali huenda sasa kinaacha ngozi wazi. Pimeni upya, na tundu liizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu. Kibandiko mlichobandua kigeuzeni mkitazame nyuma: palipolainika na kuloa ndipo panapovuja. Osheni kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni ya manukato, kausheni kwa kugusagusa, na kwa joto letu hili la Kusini mpepeeni hadi jasho likauke ndipo mbandike. Mfuko umwagwe ukijaa theluthi moja.

Mkiona vipele vidogo vilivyotawanyika kuzunguka wekundu, huenda ni fangasi, naye atahitaji dawa. Mpelekeni hospitali ya Ndanda au ya Ligula, mkiwa na kibandiko kilichotumika ili muuguzi akione. Stoma yenyewe ikigeuka nyeusi, msingoje kesho.